Nywele za Mwana wa Karani

Benchi lililo mbele ya duka la Kinyozi lina nafasi ya watu watatu na birika moja la kahawa. Mchana ule birika liliwekwa chini, kwa sababu Kinyozi mwenyewe alikuwa ameketi, jambo asilolifanya siku ya kazi. Alipakata mkoba wenye mkasi, mashine na wembe mpya. Kushoto kwake alikaa Soli, fundi viatu. Kulia, Gia Tatu, dereva mstaafu wa malori. Karani, aliyeandika vizazi na vifo vya watu kwa miaka thelathini na mmoja, alikuwa ametolewa kiti cha kunyolea akikalie, maana alikuwa na msiba. Mwanawe, fundi rangi, alianguka juzi kutoka jengo la ghorofa tatu. Kesho angezikwa. Mzee wa kanisa alikuwa amekata neno: dredi za marehemu zinyolewe, la sivyo mwili hautaingia kanisani. Mochwari ilikuwa inafungwa saa kumi. Ilikuwa saa nane na nusu, na Karani hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

— Twende, Mzee Karani, — alisema Kinyozi. — Wale wa getini wana maringo. Ukichelewa dakika mbili wanakufungia.

— Tunywe kahawa kwanza.

Walimmiminia. Wote walijua kwamba kahawa haipendi.

Soli hakuzaliwa kunyamaza.

— Mimi kuna kitu sielewi. Marehemu alikuwa anaijua Biblia kutuzidi sote hapa. Sasa sisi na Marasta tunagombania nini? Masihi si mmoja?

— Mmoja wapi! — alisema Gia Tatu. — Sisi wetu Yesu. Wao, wa kwao Rasi Tafari.

— Ras ni cheo, — alisema Karani polepole. — Tafari ndilo jina alilopewa na wazazi. Alipotawazwa kule Ethiopia akaitwa Haile Selassie, maana yake Nguvu ya Utatu. Kristo nacho ni cheo: mpakwa mafuta. Tuseme majina kama yalivyo.

— Haya, bwana mkubwa. Huyo Nguvu ya Utatu ndiye Yesu au siye? — aliuliza Gia Tatu.

— Wengine wao husema ndiye, amerudi akiwa mfalme. Wengine husema ni mfalme tu wa ukoo wa Daudi, na Kristo anabaki Kristo. Mwanangu alikuwa wa wale wa kwanza.

— Basi rahisi! — Gia Tatu alijipigapiga goti. — Mtu mmoja, safari mbili. Ya kwanza alikuja kama utingo, anatukanwa, anapigwa. Ya pili karudi ndiye kashika usukani. Abiria wakamkataa, wamezoea ile sura ya utingo.

— Acha uongo, — alisema Soli. — Mimi natazama miguu. Wa kwanza picha zote ni makubazi. Wa pili ana buti linang'aa mpaka unajiona meno. Mguu uliozoea makubazi haukubali buti. Hao ni wawili. Na wa tatu yuko njiani, anakuja peku.

— Aje peku ili akuletee biashara wewe? — alisema Gia Tatu.

Walicheka, kisha wakakumbuka, wakakohoa.

— Nyie mnatazama chini, — alisema Kinyozi. — Mimi natazama kichwa. Yule mfalme alikuwa na nywele fupi, zimechongwa vizuri. Yesu wa picha ya kanisani kwetu, nywele mabegani. Sasa watu wa mwenye fupi wanafuga, watu wa mwenye ndefu wanaita kinyozi! Hawa waliteremka gari moja wakachukuliana mizigo.

— Hawafugi kwa kuiga sura ya mtu, — alisema Karani. — Ni nadhiri. Kitabu cha Hesabu, sura ya sita. Wembe usipite kichwani, wala asikaribie maiti.

— Kumbe unayajua yote hayo. Sasa wewe na mwanao mligombania nini? — aliuliza Soli.

Karani alikiweka kikombe chini kikiwa bado kimejaa.

— Mifupa. Yeye alisema mfalme hakufa. Mimi nikatoa gazeti la zamani, nikamsomea: mifupa yake ilifukuliwa chini ya sakafu ya kasri. Nikamwambia, Masihi wangu kaburi lake ni tupu, wako ana mifupa. Akanijibu, "Baba, hata wako walitangaza kwamba wanafunzi wamemwiba. Ungeishi siku zile, ungenisomea tangazo hilo." Nikamwambia asirudi nyumbani mpaka aniletee tarehe ya kufufuka kwa mfalme wake.

— Tarehe?

— Tarehe. Miaka sita hakurudi.

— Ulimshinda, ndugu yangu, — alisema Soli kwa sauti ndogo.

— Nilimshinda.

Gia Tatu alitafuta la kumtuliza.

— Nywele si mzigo, Karani. Hata mizani ya malori haizisomi. Muache aende nazo.

— Mama yake anataka kengele. Anataka azikwe kwenye uwanja wa kanisa, karibu na bibi yake. Tangu juzi hajasema kitu kingine.

Hapo mtu mmoja alivuka barabara. Alikuwa wa makamo, kofia kubwa ya uzi imejaa dredi, rangi nyeupe imemkaukia vidoleni. Alisimama hatua mbili kutoka benchini.

— Shikamooni wazee. Namtafuta baba yake marehemu. Nilifanya naye kazi miaka minne.

— Mbona hamkuonekana msibani? — Soli alimrukia. — Jana tumetazama, Rasta hata mmoja hakuna!

— Hatukaribii maiti, mzee. Tulimwimbia kwetu. — Aliutazama mkoba. — Ni kweli mnakwenda kumnyoa?

— Ni kweli, — alisema Kinyozi.

Mgeni hakukasirika.

— Nauliza tu. Zikishakatwa, mtaziweka wapi?

Macho ya Kinyozi yalikwenda yenyewe mlangoni, penye ufagio na lundo la nywele za wateja wa asubuhi. Soli alitazama viatu vya watu. Gia Tatu alilitikisa birika, likawa jepesi. Karani, aliyewahi kuandika pa kuwekwa kila marehemu wa mji ule, alilitazama lile lundo la mlangoni.

— Zilikuwa zimefika wapi? — aliuliza hatimaye. — Mimi sijaziona. Hata kumtambua, nilimtuma shemeji yangu.

Mgeni aligusa mkanda wake.

— Hapa. Alianza kufuga siku aliyohama kwako. Alisema asingeweza kufuga akiwa chini ya paa lako, asije akakuudhi.

Karani alishika mkono wa kiti akainuka, taratibu, mpaka akasimama wima.

— Funga mkoba, Kinyozi.

— Na kanisa je? Na mama yake?

— Nitamwambia mwenyewe. Kwanza nikamwone mwanangu. — Akamgeukia mgeni. — Utanisindikiza?

— Mpaka getini, mzee. Ndani siwezi.

— Mpaka getini inatosha, — alisema Karani, akampa mkono amvushe barabara.