Waya Nyuma ya Rafu za Umau Kitonga

"Umau, unasikiliza nini kwa hiyo waya?" Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, nilipomkuta nyumbani kwake Ngoingwa ameinama nyuma ya rafu ya vikombe, sikio limegusa waya. Aliniambia nikanywe chai.

Marehemu Daniel Kitonga Musembi, ambaye sisi wajukuu tulimwita Umau, alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Gatuanyaga. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba. Dada zake wanasema dawati likivunjika mwalimu hakuita fundi, aliita Kitonga.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo Thika, akichunga nyuzi zisilegee kwenye mashine. Baadaye akawa fundi wa mbao Ruiru. Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa kanisani na Susu, yaani nyanya yetu, Kalondu, wakapanga chumba Gatongora. Mwaka 1981 Mungu akawapa kifungua mimba, Mbuvi.

Mwenye nyumba hakutaka msumari hata mmoja ukutani. Basi Umau akatengeneza rafu ya kusimama yenyewe, mgongo wazi, na majirani wakaja kuiona. Jumamosi, 9 Julai 1983, rafu hiyo ilianza kulala upande, polepole, na Mbuvi alikuwa amekaa chini akicheza. Umau alikuwa nje akipiga randa. Alimsikia mtoto akilia, akadhani ni njaa, akamaliza ubao kwanza. Susu ameniambia nisome hivyo hivyo, nisiruke.

Umau hakuacha ufundi, ila alitaka rafu isiyoweza kulala tena. Kuipigilia ubao mgongoni alikataa. Alisema lazima mtu aone aliye nyuma. Kwa hivyo alitafuta waya nyembamba ya kuvuta kutoka kona hadi kona, ipishane katikati. Ile ya kufungia vyuma vya ujenzi ilinyooka ikalegea. Ya ua ilikuwa nene, haikubali kukazwa. Miaka ilipita akizunguka vibanda vya Thika, mpaka alipofika kwa Opiyo, fundi wa baiskeli, akamwomba waya za breki pamoja na vile viskurubu vyake vya kukazia.

"Mzee, hiyo shelfu inaenda mbio namna gani mpaka itake breki?" Opiyo akamuuliza.

"Inaenda polepole," Umau akamjibu. "Ndiyo ubaya wake."

Tangu hapo hakuna rafu yake iliyoyumba, na zimejaa maduka ya Gatongora hadi leo. Alikaza waya mpaka ikalia ukiigusa, sauti nyembamba kama ya mtoto anayeamka. Kusema kweli, sisi wajukuu hatukupenda kuachwa sebuleni na rafu hizo. Kuna alasiri zililia na hakuna mtu amezigusa, wala upepo haukuwepo. Umau aliacha chakula akaenda kuangalia nyuma.

Mwaka 2023 alianza kuugua mapafu. Alitibiwa kwa subira, akatuacha Jumatano, 18 Juni 2025, saa nane mchana, katika hospitali moja mjini Thika. Mimi na Mama Mumbi, jirani, tulikuwa sebuleni tukipanga vikombe. Kabla simu ya hospitali haijaingia, Mama Mumbi aligusa rafu, ikayumba. Tukaangalia nyuma. Waya zote zilikuwa zimelegea, zinaning'inia kama nyuzi za sweta, na hakuna skurubu iliyokuwa imezungushwa. Mama Mumbi alinishika mkono.

Marehemu amemwacha mjane wake, Kalondu, mabinti wawili, Ndanu ambaye ni mama yangu, na Mbinya, wajukuu watano, na fundi Opiyo, ambaye Susu amesema asomwe pamoja na familia. Leo tunamlaza hapa Gatuanyaga, kando ya mwanawe Mbuvi. Mungu ampe usingizi mtulivu, asiamshwe na kitu.

Wiki ya mwisho, hospitalini, nilikuwa nikimmenyea chungwa. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kumuuliza chochote. Akafungua macho, akaniambia:

"Namsikiliza mtoto, Mitchell. Akilia safari hii, nisichelewe."