Biashara Isiyomhitaji Mwenyewe

Mkufunzi wa wafanyabiashara alisikia somo lake likirudiwa kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi, kichwa kikamvimba.

"Alitufundisha kwamba biashara inayokua ni ile inayoweza kwenda bila mwenyewe," fundi cherehani alimwambia mama aliyekaa naye. "Nikajaribu. Nikamwachia mdogo wangu duka, nikajifungia nyumbani mwezi mzima."

"Likafa?"

"Heri lingekufa. Nimerudi, nakuta wateja wamejaa hadi barazani. Mdogo wangu ananiambia, dada, wewe kapumzike tu."

Mama akashika mdomo. "Makubwa haya. Sasa unakwenda wapi?"

"Kwa huyo mkufunzi. Hakutuambia mwenyewe naye aende wapi."

Basi likasimama mbele ya ofisi ya mkufunzi. Fundi akashuka. Mkufunzi akajikunyata kitini, akamwambia kondakta, "Twende, hashuki mtu mwingine."