Mvinyo Alioutamani Baba Yenu

Mildred, niinue kidogo, mto uuweke mgongoni, na mlango uacheni wazi, maana ndugu yenu Philemon amekaa barazani na sitaki maneno haya ayapate kwa kusimuliwa. Sikilizeni, wanangu niliowazaa. Mwili huu umeanza kuniaga kutoka miguuni, tangu jana sijui kama miguu yangu imefunikwa au iko wazi, lakini ulimi bado ni wangu, basi niacheni niutumie.

Hoteli ya sokoni ni ya Bramwel, kwa kuwa ndiye aliyebaki nami kusonga obusuma, ugali wetu, na kuosha sahani wenzake mlipokuwa shuleni. Shamba la Mautuma tulilogawiwa baada ya Uhuru ni la Philemon, alilime, asilikodishe. Nyumba hii ni ya Mildred, na asiniambie mtu kwamba binti hupewa nyumba na mumewe, kwa sababu Mildred akitoka zamu kule hospitali ya misheni Mukumu ndiye anayekuja kunigeuza kitandani, na wenye kusema hayo sijawaona wakinigeuza.

Hayo ni mepesi. Zito ni zile chupa za chumba cha nyuma, ambazo zimetugawa kuliko shamba lolote.

Baba yenu Protus alichukuliwa vita vya Wazungu akapelekwa Bukini, kisiwa kilichokuwa cha Wafaransa. Huko walilinda nyumba ya mzee mmoja Mfaransa, na siku ya kuondoka mzee yule alileta chupa ya mvinyo mwekundu yenye vumbi, akammiminia baba yenu katika bilauri ya kioo sawasawa na alivyojimiminia mwenyewe. Baba yenu alikuwa hajawahi kumiminiwa kitu na Mzungu. Alirudi na hadithi hiyo akakaa nayo hadi kufa kwake. Aliniambia, "Jael, ule si pombe ya busaa ya kugugumia. Ukiuweka mdomoni unaungoja, nao unageuka, unageuka tena, kama mtu anayekuzoea polepole." Mimi nilikuwa nikimcheka, maana kanisa letu halinywi, na mahali pa kuupata hapakuwapo.

Akafa mwaka ule wa Uhuru, bendera haijapandishwa. Wanawake walijitupa chini wakalia; mimi niligawa chai. Walisema mimi Mideva nina moyo wa jiwe. Jiwe lina baridi, wanangu; mimi hata baridi sikuisikia. Nilikula bila kujua nimekula nini, nililala nikaamka, nikahesabiwa miongoni mwa walio hai.

Ndipo Kipsang, yule dereva wa lori aliyekuwa akila kwetu, akaniambia kwamba Wazungu wa Lugari wanauza vitu wapate kurudi kwao, na kwamba mjane mmoja wa Mautuma ana stoo ya mvinyo wa Kifaransa alioachiwa na mumewe. Nikamwambia anipakie. Sikujua ninakwenda kufanya nini. Miguu ilikwenda nami nikaifuata.

Tulimkuta mama yule mezani, na mnunuzi wa hoteli kubwa ya Kisumu amekwisha kuanza kupakia makasha bila kufungua hata kizibo kimoja. Mama akanitazama, akasema kwa Kiswahili chao, "Wewe nataka sahani? Sahani iko kule."

Nikamwambia, "Nataka kuonja mvinyo. Mume wangu aliuonja vitani."

"Bwana yako iko wapi?"

"Amekufa."

Akaniwekea kiti. Chupa ya kwanza aliyoifungua ilikuwa imeharibika. Niliinusa nikasema hii ni siki, naye akainusa akakubali, akaiweka kando. Ya pili ilikuwa ya Bordo, huko Ufaransa, ya mwaka wa thelathini na nne, mzee kuliko wewe Bramwel. Alikuwa ameisimamisha tangu siku iliyotangulia, akiwangoja wanunuzi, ili mashapo yatulie chini. Akawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akamimina taratibu mno, na alipoona weusi wa mashapo unakaribia mdomo wa chupa akaacha. Nilitazama bilauri: katikati mwekundu, pembeni umekwenda rangi ya tofali la kuchomwa. Nikanusa. Palikuwa na tumbaku, na ngozi, na udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Nikautia mdomoni nikaungoja kama baba yenu alivyosema. Kwanza ukaja kama zambarau zilizokauka, halafu ukanibana fizi kama chai ya rangi iliyokaa kwenye birika, halafu ukalainika, na nilipokwisha kuumeza ukabaki.

Kila neno lake lilikuwa kweli. Nikangoja machozi, maana nilidhani hayo ndiyo niliyoyafuata kule. Hayakuja. Nilijua kwamba ule ni mvinyo mzuri kama mtu anavyojua kwamba kesho ni Jumatano.

Mama yule aliniangalia akaniuliza, "Wewe nalia?"

"Hapana."

Akasema, "Bwana yangu nakufa, mimi pia hapana lia." Kisha akajimiminia, tukakaa. Hatukuwa marafiki, wala sikumwonea huruma kwa shamba alilokuwa analiacha, kwa kuwa wenyewe walikuwapo kabla yake. Tulikaa tu.

Nilipoinuka nikaona makasha yanaendelea kupakiwa, nikasema yaliyobaki nanunua mimi. Kitu ambacho Protus alikitamani maisha yake yote sikutaka kichukuliwe na mtu asiyejali hata kukionja. Ndipo nikamuuza yule mtamba, ng'ombe wetu ambaye hajazaa, na hapa, Philemon, unisikie vizuri huko barazani. Mtamba yule alikusudiwa kuwa mahari yako, na harusi yako ikangoja msimu mzima. Baadaye nilimrudisha mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki, nami sikuiti tuje kuyazoa.

Wazee wa kanisa walikuja wakaniambia nimwage. Niliwakaribisha chai, nikawaambia sitamwaga. Wakaniondoa katika ushirika, na wewe mwanangu, mhubiri, ulisimama upande wao, na tangu siku ile hujavuka kizingiti hiki wala kula chakula changu. Sikukasirika. Ningependa kusema nilikasirika, mama mwenye hasira angekuwa afadhali kwako. Nilikuona ukiondoka kama ninavyoona mvua ya alasiri, nikaanika nguo ndani.

Kila mwaka, siku tuliyomzika baba yenu, Mildred na mimi tulifungua chupa moja, bilauri moja moja, tukaonja. Mwaka huu ugonjwa umenichukua ladha. Nilimwambia Mildred, nieleze wewe. Akaonja, akaufumba mdomo, akangoja, akasema, "Mama, unageuka." Nikamjibu, haya.

Nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Chupa zilizobaki ni za wote watatu, ufunguo akae nao Mildred. Zilazwe ubavu hivyo hivyo, gizani, vizibo visikauke. Bramwel, usiziuze pale hotelini pamoja na chapati. Siku mtakayonizika mfungue moja, anayetaka aonje, asiyetaka asishurutishwe, na Philemon asiwazuie wala asichekwe. Asiyelia pia mwacheni. Kipsang apewe kuku, ingokho mzima, asigawane na mtu. Mnilaze ubavuni pa Protus, kushoto, ndiko nilikolala siku zote. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wanangu, mnisikie... shamba na nyumba si vitu vya kupelekana kwa chifu.

Sauti inakatika. Sogeeni.

Nani huyo anayevua viatu? Mwacheni aingie. Mkono huu ni wa nani? Joto silisikii... lakini uzito wake naujua, niliubeba mgongoni kutoka Butere kwa miguu, reli ilipotuacha. Kaa, baba. Bramwel, mpakulie nduguyo. Si lazima kusema neno. Kaa ule.

Mungu awatie... nguvu ya kuvumiliana. Mzae, mlime, nyumba zenu zisikose moshi. Nimewabariki wote, aliyebaki na aliyekwenda... aliyekwenda akarudi.

Mpakulieni. Asile kilichopoa.