Nukta ya Pili

Baraza yetu ya Takaungu ilikuwa ubavuni mwa duka la Manilal, nami ndiye niliyekuwa mwenye dele, lile birika la kahawa. Kazi yangu ilikuwa kuwauzia watu kahawa na kuwavumilia, na huko kuvumilia ndiko kulikonizeesha. Mwaka ule wa vita vya Mdachi walikuwapo wawili wasiokosa: Kambi, tuliyemwita Tarumbeta kwa sauti yake, na Garama, tuliyemwita Tabibu kwa sababu aliwahi kumtibu mbuzi akapona. Asubuhi moja nilikuwa nikiwamiminia. Mwalimu Shekuwe, kijana aliyekuwa akiwasomea watu barua zao, alikuja akifikicha macho na kuketi bila ya kuamkia mtu.

Mwalimu: Jamani, leo anakuja Mama Sidi wa Jaribuni na ile barua ya mwanawe.

Tarumbeta: Yule kijana Baya? Aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita?

Mwalimu: Huyo. Mwezi jana nilimsomea mamake: njoo Mombasa tuagane, baada ya siku mia tunapakiwa melini. Sasa naogopa haikuwa mia.

Tabibu: Ilikuwa ngapi basi?

Mwalimu: Tarakimu zetu za Kiarabu mwazijua, sufuri ni nukta. Moja na nukta ni kumi. Moja na nukta mbili ni mia. Na mimi siku hizi kila nukta naiona ina mwenzake.

Mkono wangu ulisita na dele hewani. Ikiwa ni kumi, meli ilikuwa imekwisha kwenda na kijana ndani.

— Na mbona hukusema? nikamfokea. Wallahi nilimfokea.

Mwalimu: Niseme nini, mzee wangu? Kwamba msomaji wa barua haoni? Niliona haya.

Manilal alikuwa amesikia yote. Akatoka na kisanduku cha miwani alicholetewa kutoka Bombei. Akaandika nukta kwenye kipande cha karatasi ya sukari, akaibandika mlangoni, akahesabu hatua tano, akamsimamisha Mwalimu hapo na kumvika miwani ya kwanza.

Manilal: Nukta ngapi?

Mwalimu: Mbili. Ya pili ina mkia.

Manilal: Vaa hii.

Mwalimu: Mbili, tena kubwa.

Manilal: Na hii?

Mwalimu: Lo! Sasa tatu.

Manilal: Mwalimu, nimeandika moja tu. Hebu geuka, nikutazame kwa upande. Aa! Jicho lako limechongoka mbele, lina ncha kama yai. Miwani yangu ni ya macho ya duara. Kila nikikupimia, haikai.

Mwalimu: Pima tena, ndugu yangu. Tafadhali. Yule mama yuko njiani.

Basi wenye ilimu wakaanza.

Tabibu: Ni moshi wa kibatari. Umeingia machoni tangu yuko chuoni.

Tarumbeta: Moshi unazaa nukta, wewe? Ni wino. Wino wa siku hizi za vita si mzima, ukikauka unazaana.

— Na huu wa Manilal nao umekwenda vitani? nikauliza.

Tabibu: Basi ni kufikicha. Mtazameni, kutwa anayafikicha, mpaka jicho limechomoza.

Hilo lilikuwa na sura ya akili, kwa hiyo hakuna aliyelisikiliza.

Tarumbeta: Nyamazeni, nishajua! Ni jini. Amepanga mle jichoni. Mwalimu anaona nukta yake, jini anaona yake. Jumla mbili.

Tabibu: Na zile tatu?

Tarumbeta: Ile miwani ya tatu imemwamsha mkewe.

Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa akiitazama njia ya Jaribuni kwa macho yale yale yasiyoaminika.

Tarumbeta: Mnacheka nini? Dawa ni kumnyima jini nafasi. Lete sindano, Manilal. Nitoboe kitundu chembamba, cha kuchungulia mmoja tu. Mwenye jicho apite, mpangaji abaki nje.

Akatoboa kipande kingine cha karatasi ya sukari. Mwalimu, kwa kuwa hakuwa na la kupoteza, akaiweka jichoni akaitazama ile ya mlangoni.

Mwalimu: Moja!

Manilal: Ati nini?

Mwalimu: Moja! Kavu, haina mkia!

Manilal hakuamini. Akaenda akaongeza nukta, akaikinga karatasi kwa mgongo wake, kisha akasogea pembeni.

Manilal: Na sasa?

Mwalimu: Tatu. Mbili juu, moja chini.

Zilikuwa tatu kweli, mbili juu, moja chini. Tarumbeta akapiga kelele hata kunguru wakaruka, na Manilal akakifunga kisanduku chake cha Bombei kwa hasira. Mwalimu alikuwa akilia na kucheka, nami nikammiminia kikombe cha bure, jambo nisilolifanya ovyo.

Hakukinywa. Mama Sidi alikuwa amekwisha fika, vumbi mpaka magotini, barua ameifunga penye pindo la nguo.

Mwalimu: Shikamoo, mama.

Sidi: Marahaba, mwanangu. Nisomee tena. Nataka tu kusikia maneno yake.

Mwalimu akaikunjua barua, akakiweka kile kitundu jichoni. Akasoma salamu zote, pole pole, sauti yake ikiwa safi. Alipofika penye siku akaurudia mstari kwa kidole. Akaiondoa karatasi ya kitundu, akaifuta, akairudisha. Nasi sote tukaiona midomo yake ikisema bila sauti: nukta moja.

Sidi alikuwa akifungua kamba kiunoni.

Sidi: Tangu siku ile nafunga fundo kila kukicha. Yamefika thelathini na mawili. Unga wa njiani nimeshausaga, na jirani amekubali kunitunzia mbuzi. Nisije nikachelewa tu. Mwalimu, yamebaki mafundo mangapi?

Tarumbeta alikuwa akitazama miguu yake. Nilimpa mama kile kikombe cha Mwalimu, nacho kilikuwa kimepoa. Akakipokea kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika upande wa kamba usiokuwa na mafundo, ambao aliuacha mrefu makusudi, utoshe mia.