Dada Aliyechora Miti kwa Wino

Waombolezaji wenzetu, mmeacha kazi zenu mkaja, asanteni, kaeni mliopata viti, na mliosimama mtuvumilie, maana maisha ya dada yetu hayakuwa ya kusomwa mbio mbio.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1959, wa kwanza kati ya watoto watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, baba akiwa fundi viatu na mama akifua mashuka ya hospitali, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari hadi 1977, na huko akajulikana kwa mwandiko mzuri na kwa kutomsahau aliyemkosea, jambo ambalo sisi wadogo zake tulilionja mapema, kwani ukimlia kiazi chake leo alikungoja hata mwezi mzima. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1979, na tarehe 2 Januari 1980 akaajiriwa idara ya mipango miji, mchora ramani msaidizi, meza ya mwisho karibu na choo.

Ofisini humo majengo yalichorwa kwa wino na miti kwa penseli, na kabla ramani haijapelekwa kusainiwa na mkurugenzi, msaidizi alipewa ufutio akaambiwa asafishe karatasi, penseli yote ikaondoka na miti ikaondoka nayo, na mti usio kwenye ramani ulihesabika haupo. Tarehe 11 Septemba 1984 dada alisafisha ramani ya kiwanja kilicho mbele ya zahanati, kilichonunuliwa na mjenzi ambaye mji mzima unamwita Bwana Zege, hakuangalia namba ya kiwanja kwa kuwa mezani zilikuwa ramani kumi na mbili na saa ya kufunga imekaribia, na wiki tatu baadaye mizambarau saba ikaangushwa kwa siku moja, na chini ya mmojawapo baba alikuwa ameweka benchi lake la viatu kwa miaka ishirini na sita.

Baba alijaribu kufanya kazi juani, akashindwa, akarudi nyumbani, akaacha kuongea, na akafariki tarehe 8 Februari 1986. Baada ya mazishi dada alikwenda kwa Bwana Zege, akaambiwa mbele ya vibarua kwamba ramani haina mti hata mmoja, na aliyeisafisha ni yeye mwenyewe, saini yake ile pale chini, na bwana huyo akacheka. Jamani, kicheko kile kimemtokea puani kwa miaka thelathini na minane.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1987 na fundi umeme, shemeji yetu huyu hapa, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, watoto waliolelewa na utepe wa kupimia, maana kila Jumapili mama yao aliwachukua kwenda kupima mashina ya miti mitaani, mmoja ashike, mmoja aandike, na shemeji abaki na chakula kinapoa asinung'unike, angalau si kwa sauti.

Mwaka 1996 aliwasilisha rasimu ya sheria ndogo ya kulinda miti wakati wa ujenzi, ikakataliwa, 1999 ikapotezwa, 2001 ikakaliwa na karani aliyeapa hajaiona ilhali ameweka kikombe cha chai juu yake, na tarehe 19 Juni 2003 madiwani wakaipitisha, pamoja na kifungu cha nne, kinachosema mti wowote wenye shina la mzingo unaozidi sentimita tisini uchorwe kwa wino, na ramani isiyo na miti yake isipokelewe dirishani. Bwana Zege akaleta ramani ya ghorofa kumi na moja, nyeupe pe, dada, ambaye sasa ndiye aliyekaa dirishani, akairudisha mara kumi na nne, na bwana alipoamua kukata miti hivyo hivyo, tarehe 6 Agosti 2005, wageni wakiwa wameketi kwenye mahema na jiwe la msingi likisubiri kufunuliwa, dada akaingia na amri ya kusimamisha ujenzi, akaisoma yote, kurasa tisa, taratibu, na siku hiyo bwana akakiona cha mtema kuni. Watu husema dada alifanya kwa ajili ya mazingira. Ni kweli, lakini sisi tuliokula naye sahani moja tunajua alikuwa analipiza kisasi, na hakuona haya kusema hivyo.

Alistaafu tarehe 3 Mei 2019, akagundulika na saratani ya ini tarehe 17 Januari 2024, na akiwa wodini akasikia kwamba Bwana Zege amewashawishi madiwani wafute kifungu cha nne, kura ipigwe Alhamisi hii, yaani keshokutwa kuanzia leo, kwa kuwa waliambiana bibi yule hafiki Alhamisi. Na kweli hakufika, alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, binti yake mkubwa akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomstahimili, majirani mlioleta viti na maji, na wafanyakazi wenzake wa idara, isipokuwa wawili wanaojijua. Tunamshukuru pia Bwana Zege, tunamwona safu ya pili, shada lake la maua limezidi hata la watoto, atalikuta getini akitoka. Na kwa kuwa amekuja kuhakikisha, tumjulishe kwamba Jumanne iliyopita dada aliomba mto wa pili, akaketi, akaandika pingamizi la kurasa sita, likapokelewa na kugongwa muhuri siku hiyo hiyo, na kwa kanuni za baraza pingamizi likishapokelewa sharti lisomwe lote hadharani kabla ya kura, awepo aliyeliandika au asiwepo. Atakayelisoma ni binti yake. Ukurasa wa tano una majina ya madiwani waliopewa viwanja na Bwana Zege, na namba za viwanja hivyo. Ukumbi wa baraza uko wazi kwa umma, Alhamisi saa tatu asubuhi, njooni na nguo hizo hizo nyeusi.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi tutapumzika Ijumaa.