Mzee Ladislaus Kaijage na Ramani ya Mto Delaware

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutibu karatasi zilizochanika, Bwana Ladislaus Kaijage anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 29 Mei 2026. Ukurasa wa Kiswidi wa ratiba hii ameuandika mkuu wetu, Mikael, na ameuandika vizuri. Huu wa Kiswahili nimeombwa niuandike mimi, kwa kuwa nusu ya ukumbi leo ni wanakwaya wenzake kutoka Hallonbergen. Miaka yote hiyo wamekuwa wakimuuliza hasa anafanya kazi gani, naye akiwajibu kwa mkato kwamba anabandika makaratasi.

Basi tuwaeleze. Hifadhi yetu ndogo hapa Stockholm inatunza ramani na picha za kuchapwa za Amerika ya zamani, nyingi zikiwa za karne ya kumi na saba, wakati Waswidi walipokwenda kujenga ngome kando ya Mto Delaware na kukaa huko miaka isiyofika ishirini kabla ya Waholanzi kuwanyang'anya. Ziko picha za meli zikitia nanga, za ngome za magogo, na za wenyeji wa nchi ile, Walenape, wakibadilishana ngozi za wanyama kwa nguo na masufuria. Karatasi hizo zimeliwa na wadudu, zimelowa, zimekunjwa na watu wasio na huruma. Kazi ya Ladislaus ilikuwa kuziosha, kuziunga na kuzirudisha katika hali ya kutazamika.

Alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, na ufundi wa kujalidi vitabu aliupata katika kiwanda cha uchapaji cha misheni. Alikuja Sweden kusomea utunzaji wa karatasi akiwa na nia ya kurudi mara tu kozi itakapokwisha. Kisha akakutana na Mama Gaudiosa, Mhaya mwenzake, muuguzi kule Flemingsberg, ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote. Nia ikabadilika. Hifadhi yetu inamshukuru Mama Gaudiosa kwa hilo kuliko anavyojua.

Wanafunzi wa shule waliotutembelea wanamkumbuka kwa swali moja. Aliwawekea picha mezani na kuwauliza: aliyechora hapa, ni kitu gani hakukiona kwa macho yake? Picha aliyoipenda kupita zote ni ile ambayo mchoraji wake, aliyebaki zake Ulaya, aliwapandia Walenape minazi katika nchi yenye theluji. Ladislaus aliicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Watoto wetu wa Kista na Hallonbergen walimsikiliza kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiswidi, naye hakuacha Kiswahili chake hata siku moja.

Hatuwezi kuruka habari ya uji. Gundi tunayotumia haitoki dukani. Hupikwa kwa wanga wa ngano, kwa moto mdogo, huku ikikorogwa bila kupumzika, na ikiiva huwa nyeupe na laini. Kuria, mtunza stoo wetu kutoka Nyeri, alikuwa katika wiki yake ya kwanza kazini. Aliingia asubuhi moja ya Januari akitetemeka kwa baridi, akakuta sufuria imefunikwa kwa kitambaa safi, akawabariki Watanzania kwa ukarimu wao, akatia sukari, akakoroga, akanywa kikombe kizima. Gundi yenye sukari ni karamu ya wadudu, kwa hiyo sufuria yote ilimwagwa. Sisi tulingoja radi. Ladislaus aliuliza tu kama ilikuwa na mabonge. Kuria akasema haikuwa nayo hata kidogo. Mzee alitabasamu kutwa nzima, na tangu hapo kila Ijumaa alipika sufuria mbili, ya pili ikiwa ya uji wa ulezi wa kweli. Leo hata Mikael hunywa uji huo wakati wa fika, yale mapumziko ya kahawa ya Waswidi, akiuteremsha kwa mkate wake wa mdalasini.

Tukisema alikuwa mtu rahisi, kuta zenyewe zitatucheka. Ladislaus ni mkaidi. Brashi nzuri alizificha. Kikombe cha kahawa kikikaribia meza yake, mwenye kikombe alifukuzwa hadi koridoni, awe mgeni au mkurugenzi. Na kazi aliyoianza yeye haikuguswa na mtu mwingine. Tulitazama, tuliuliza, alitufundisha kwa moyo mmoja, lakini karatasi yake ilibaki yake mpaka imekwisha.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari alimwambia hali hiyo haitaondoka. Kwa kijiko na kikombe aliweza kustahimili, kwa brashi nyembamba hakuweza. Na mezani kwake wakati huo ilikuwapo ramani kubwa ya Mto Delaware, ile ambayo sasa mnaiona katika maonyesho yetu. Ngome ya Waswidi ilikuwa imeshaungwa, na meli pia. Iliyobaki ni pembe ya chini, ng'ambo ya mto, zilikokuwa nyumba za Walenape. Pembe hiyo ilikuwa imevunjika vipande vidogo kama kucha, vikawekwa kwenye bahasha kabla yeyote kati yetu hajaajiriwa hapa.

Mikael, kwa nia njema, alipendekeza pembe ile izibwe kwa karatasi tupu. Maonyesho yalikuwa yamekaribia, na ramani ikishafungwa kwenye fremu haitafunguliwa tena kwa miaka mingi. Ladislaus alikataa katakata. Alisema mtazamaji ataondoka akiamini kwamba Waswidi walifika mahali pasipo na mtu, ilhali nyumba zilikuwepo na mchoraji alizichora. Mikael alikubali palepale. Swali likabaki moja tu, la mkono.

Alijaribu peke yake. Alijaribu mkono wa kushoto, akajaribu kufunga kifuko cha mchanga kwenye kifundo cha mkono ili kuutuliza. Siku moja kipande kikashika mahali pasipo pake, na alipokuwa akikiinua kikapasuka. Alivua aproni, akaikunja, akaondoka bila kuaga. Kesho yake hakuja. Mama Gaudiosa ametuambia, kwa ruhusa ya Mzee mwenyewe, kwamba alisafisha jiko la nyumbani mara mbili, kisha akakaa chini akalia.

Aliporudi alikivuta kiti chake mwenyewe, kile ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia, akamwita Rita, mwenzetu kutoka Kisumu. "Keti hapa, mwanangu," alimwambia. "Wewe utashika, mimi nitatazama."

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga picha kila hatua ya kazi, kwa hiyo niliyaona. Mzee alibana mikono katikati ya magoti ili isimnyang'anye Rita brashi. Punguza maji, alisema. Ngoja. Acha kilale chenyewe. Rita alijibu "Sawa, Mzee" kwa upole, mpaka mchana mmoja alipomwambia bila kuinua kichwa kwamba anampumulia shingoni, tafadhali asogee nyuma kidogo. Ladislaus akasogea. Kipande kilichokuwa kimepasuka nacho kiliungwa, ukikitafuta leo hukipati. Siku nyumba ya mwisho ilipokaa mahali pake, Mzee alikwenda dirishani akafuta miwani yake kwa muda mrefu sana, nasi tukajifanya tuna shughuli.

Maonyesho yalipofunguliwa mapema mwezi huu, mgeni mmoja alimwomba amwonyeshe kazi yake iliyo bora katika ramani ile. Nilidhani atauonyesha mto, maana maji yale ameyaunga yeye na hakuna jicho linaloona mshono. Au ngome. Aliunyoosha mkono wake wa kulia, ukitetemeka mbele ya watu wote, akaonyesha nyumba za ng'ambo.

"Iliyo bora ni ile pale," alisema, "na si yangu. Ni ya Rita." Kisha akamwita kwa sauti kutoka nyuma, penye makoti, alikokuwa amejificha.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa ufundi, kwa ukali, na kwa siku uliyokubali kuhama kwenye kiti. Wewe na Mama Gaudiosa tunawaombea afya, usingizi mtamu na wajukuu wasiochoka kuuliza. Pumzika sasa, moyo ukiwa mtulivu. Nyumba ziko ukutani, zote, na watu wanaziona.

Brigitha, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako