Bana Bwalya na Alama ya Mtaa wa Mupundu

Bi. Kangwa Chisala, ambaye sote tunamwita Bana Bwalya, yaani Mama Bwalya, anastaafu tarehe 31 Oktoba baada ya kutumikia Idara ya Barabara ya manispaa yetu kwa miaka thelathini na moja. Karibu muda wote huo kazi yake ilikuwa kupita mtaa kwa mtaa, kuikagua lami na kuipa alama. Mia ni barabara mpya. Sifuri ni barabara ya jina tu.

Alianzia stoo, akaomba kuhamia ukaguzi kwa sababu, anavyosema mwenyewe, kule alikuwa ananenepa bure. Ni yeye aliyetufundisha wengi wetu kutofautisha ufa ulioletwa na jua na ule ulioletwa na maji. Akiona lami iliyopasuka kama ngozi ya mamba, hupiga magoti papo hapo, honi zilie zitakavyo. Siku moja dereva wa lori la mgodini alishuka mbio akidhani mama wa watu ameanguka. Bana Bwalya akampa ncha ya kamba ya kupimia, akamwambia ashike vizuri.

Sehemu ngumu ya kazi hii ni kuieleza. Barabara yenye alama sitini ikizibwa nyufa mapema, inadumu. Ikiachwa ishuke chini ya arobaini, haizibiki tena. Inafukuliwa na kujengwa upya, na foleni ya kujengwa upya ni ndefu mno. Ndiyo maana tunaanza na zile ambazo bado zinaokoleka, na ndiyo maana watu wanatuona tumerukwa na akili.

Majirani zake wa Mtaa wa Mupundu walimwona hivyo hasa. Walimwendea nyumbani kwa upole.

"Tupunguzie alama, mama. Andika ishirini tu, watuhurumie."

"Nikiandika ishirini, mtasubiri mpaka wajukuu zenu waote mvi."

Hawakumwamini. Wakasema anaringa. Wifi yake akaacha hata kumsalimia.

Zamu ya Mupundu ilipofika, aliniomba nikague mimi, kwa kuwa ni mtaa wake. Tulifika mchana kweupe tukakuta wanaume wa mtaa wanaifumua lami kwa sururu. Aliyekuwa mbele, shati begani, jasho linamtiririka, alikuwa mumewe, Bashi Bwalya.

"Baba Bwalya, unafanya nini?"

"Tunakurahisishia kazi, mke wangu. Sasa mashimo utayaona hata wewe."

Hakumgombeza. Aliketi ukingoni mwa barabara. Shimo la sururu si ugonjwa wa barabara, kwa hiyo alama isingeshuka. Lakini mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameshaanza kukusanyika, na maji yakiingia mle, mtaa mzima ungefumuka. Tena kuharibu barabara ni kesi, na mumewe angeweza kulala rumande.

"Andika unachokiona," aliniambia. "Palipochimbwa, andika pamechimbwa. Usimfiche mtu, hata huyu wangu."

Kisha akawaongoza wote hadi kwa mkuu wa idara. Mkuu aliwasikiliza, akakuna kichwa, akaamua: wazibe wenyewe, chini ya usimamizi wetu, mvua isije ikawatangulia. Wakishindwa, polisi.

Walisukuma matoroli ya lami kama wanaokimbizwa. Bana Bwalya alijaribu kila kiraka kwa kisigino.

"Gonga tena, Baba Bwalya. Hapo panacheza."

"Mwanamke huyu! Hata nyumbani hunitumi hivi!"

"Nyumbani hujachimba sebule."

Akina mama waliokuwa wakitazama walicheka mpaka wakashikana mabega, na wifi akiwa mmoja wao.

Mvua ilishuka kiraka cha mwisho kikiwa hakijamaliza hata juma. Nilikwenda kuangalia, nikawakuta mume na mke wamesimama getini chini ya mwavuli mmoja, wanaitazama barabara. Maji yalipita juu ya lami, yakaingia mtaroni, yakaenda zake. Hakuna kiraka kilichong'oka. Bashi Bwalya alishusha pumzi ndefu, kisha akaanza kucheka, na mkewe naye akacheka huku machozi yakimtoka. Msimu uliofuata Mupundu ilizibwa nyufa na kupakwa tabaka jipya. Mpaka leo, kwenye mikutano ya wananchi, anayesimama kueleza kwa niaba yetu ni Bashi Bwalya: "Jamani, msiombe alama ndogo. Mimi niliomba kwa sururu!"

Sasa wanahamia mkoani Luapula kulima karanga na mihogo. Nilimuuliza kama hatazikumbuka barabara. "Kule ni mchanga mtupu," alisema. "Hakuna ufa, hakuna alama, hakuna jirani wa kuninunia. Acha nipumue."

Pumua, mama. Umetufundisha kazi, umetuvumilia, na mji unapitika. Asante kwa yote. Mvua za huko ziwe za kiasi, karanga zijae, na mkija mjini mpite ofisini: munkoyo wa kunywa, wa baridi, utakuwepo.

Mubanga Sichone, kwa niaba ya kikosi cha ukaguzi